Mwanamke Aliyetuchagulia

Hasira niliyo nayo juu ya mwanamke huyu ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa kwanza. Nimehama nayo kutoka Kanga, kijiji chetu cha kisiwani, hadi Mbagala hapa Dar, na kila mtu wa kwetu anapopita hapa kibandani kwangu akaanza kumsifu, mimi huzidisha mwendo wa cherehani nisimsikie. Leo nataka nimseme mimi. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe wenyewe kwao. Mimi nitasema nilivyomwona.

Kanga nzima ilimwita Bibi wa Maigizo, hata wanaume waliomzidi umri. Sisi wasichana wa kikundi chake tulimwita Bibi tu, ingawa wakati ule nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Mchana alilima muhogo na asubuhi alikaanga maandazi, lakini hakuna aliyemjua kwa muhogo wala kwa maandazi. Alijulikana kwa sauti. Akisema neno moja uwanjani, watu waliokaa vibarazani mwisho wa kijiji waligeuza shingo.

Mazoezi tulifanyia kwenye banda la kukaushia mbata, ambalo mwenyewe alihamia Kilindoni akaliacha lioze. Harufu ya nazi kavu iliingia kwenye nguo na nywele, na mama yangu alijua nimetoka wapi kabla sijafungua mdomo. Bibi alitandaza kamba ya makumbi sakafuni, akaizungusha, akatuambia hilo ndilo jukwaa. "Nje ya kamba wewe mtoto wa fulani," alisema. "Ndani ya kamba huna baba wala mama. Ukiingia na aibu ya kwenu, itoe kwanza uiweke hapo mlangoni." Kisha yeye alitoka nje kabisa, akaenda kukaa karibu na barabara, mbali nasi, akatega sikio. Tukianza kuigiza tunasikia tu: "Sisikii! Anayesimama nyuma naye ni mtu!" Tunarudia. "Sisikii!" Tunarudia tena mpaka koo zinawasha.

Hakupenda kilio. Msichana akilia machozi ya kweli jukwaani, sisi tukidhani ameweza, Bibi aliinuka akiwa na ghadhabu. "Hata mbuzi analia. Walioacha kazi zao kuja kukutazama hawakuja kutazama mbuzi. Sema neno."

Na alikuwa na mkono mwepesi. Niliwahi kumwomba anipe nafasi ya mzee wa kijiji badala ya bibi harusi, kwa sababu nilichoka kukaa kwenye mkeka nimefunikwa ushungi. Alinirushia kandambili ikanipata begani. Jioni ile ile alikuja nyumbani kwetu na maandazi kwenye bakuli lililofunikwa, akampa mama yangu, akazungumza naye habari za mvua, akaenda zake. Samahani hakuisema. Siku zote ilikuwa hivyo: kandambili, kisha maandazi. Nami niliyala, tena kwa hamu, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Wanaume wa Kanga hawakuwa na muda wa maigizo, kwa hiyo nafasi zote za wanaume alizichukua yeye. Alivaa kanzu na kofia, akatembea kama mwanamume aliyeshiba, na watoto waliangua kicheko kabla hajasema kitu. Sheikh wa msikiti wetu hakulipenda jambo hilo. Siku moja alikuja bandani, akasimama mlangoni, akatoa salamu, akasema kwa upole, "Bi, mwanamke kuvaa kanzu ya mwanamume haifai."

"Nakubali haifai," Bibi akajibu. "Niletee mwanamume mwenye muda wa kufanya mazoezi, nami kanzu hii naivua sasa hivi."

Sheikh alikuwa mtu wa haki. Alimleta mpwa wake. Yule kijana alikuja mara chache, akapigiwa kelele za "Sisikii!" kama sisi, akapotea, tukasikia ameenda kambi ya wavuvi Shungimbili na hataki kusikia habari za maigizo. Onyesho lililofuata Bibi alivaa kanzu, lakini juu yake alijitanda kanga mabegani, ili kila mtu aone kwamba ndani ya kanzu yumo mwanamke. Sheikh alikuwepo. Hakusema neno tena, na nadhani nilimwona akicheka.

Hayo ndiyo wanayoyasimulia watu wanapomsifu, na yote ni kweli. Ninachokasirikia mimi ni hiki: mwanamke huyu alifundisha kijiji kizima kwamba msichana aulizwe, na yeye hakuwahi kutuuliza.

Tulikuwa na igizo la binti anayeozwa kwa nguvu. Alilitunga mwenyewe kichwani na akatufundisha kwa mdomo. Zuhura, rafiki yangu, ndiye aliyekuwa binti. Zuhura alikuwa na kipaji kutuzidi sote, na nasema hivyo bila wivu, kwa sababu ukimwona jukwaani wivu ulikuwa hauna pa kukaa. Kuna mahali alimgeukia baba yake, ambaye ni Bibi ndani ya kanzu, akamwambia: "Baba, mimi nina mdomo. Niulize." Wanawake waliokuwa wakitazama walipiga vigelegele kila mara, kila kijiji tulichokwenda. Bibi akiwa amesimama pale na ndevu za makumbi kidevuni, alingoja vigelegele viishe, akaendelea. Mazoezi yakiisha, yeye ndiye aliyesema nani atavaa kanga gani, nani atachota maji, nani aende nyumbani na nani abaki. Sikuona akimgeukia yeyote kati yetu akamuuliza wewe waonaje.

Kisha akaja dada wa mradi.

Alitoka Dar, kijana, mchangamfu, amejifunga mtandio kwa heshima yetu ingawa ulimponyoka kila saa. Mradi wake ulihusu uvuvi haramu. Alitutazama mazoezini, akamtazama Zuhura zaidi, na siku ya pili akaja na igizo lililokwisha kuandikwa. Alisema tukilifanya vizuri tutapelekwa mjini tulicheze kwenye ukumbi mkubwa, wenye pazia na taa. Na si hivyo tu. Baada ya kucheza letu tutabaki mjini, na kila siku kutakuwa na maigizo ya vikundi vingine sehemu mbalimbali. "Mtachagua wenyewe mnataka kwenda kuona lipi," akasema.

Kama hujawahi kuwa msichana Kanga huwezi kujua maneno yale yalitufanya nini. Hatukuwahi kuona igizo. Tulikuwa tumecheza mengi, lakini kukaa kwenye kiti ukatazama wengine wakicheza, hilo hatukulijua. Mimi na Zuhura tulikaa nyuma ya kwao tukatunga maigizo ambayo huenda yapo huko mjini, tukabishana twende lipi. Yeye alitaka la wafalme. Mimi nilitaka la watu wanaoishi ghorofani. Tuligombana mpaka hatukusemeshana siku nzima, juu ya maigizo ambayo hata hatukujua kama yapo.

Bibi alisoma zile karatasi amesimama. Alifika katikati akainua macho.

"Huyu mvuvi mjinga," akamuuliza dada wa mradi, "anaishi wapi?"

"Ni mfano tu, Bibi."

"Mfano wa nani? Hapa anaambiwa samaki wanakwisha, anacheka, anakwenda kulala. Hapa mtaalamu anamfundisha kwamba watoto wanakula. Hakujua kama watoto wanakula?"

"Bibi, ni ujumbe. Watu wanacheka, halafu wanajifunza."

"Watacheka wa mjini. Watajifunza nini, kwamba sisi hatuna akili?"

Dada wa mradi alisema maneno yanaweza kurekebishwa kidogo, ila mvuvi lazima awe vile, kwa sababu wafadhili waliotoa fedha wameshalikubali. Bibi akazikunja zile karatasi na kumrudishia. "Sisi hatuendi."

Sisi. Tulikuwa tumesimama ndani ya kamba, tunasikiliza. Zuhura ndiye aliyethubutu. "Bibi," akasema, na sauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu mwenye sauti ile, "si ungetuuliza na sisi?"

"Nikuulize nini? Unataka kwenda mjini kumtukana baba yako mbele ya watu?"

Baba yake Zuhura alikuwa mvuvi. Wakati huo alikuwa akivua Ras Mkumbi na wenzake. Ungemjibu nini mtu anayekuambia hivyo?

Kikaenda kikundi cha kijiji kingine. Walicheza lile igizo na mvuvi wao mjinga, wakakaa mjini, wakarudi wamejaa hadithi. Mmoja wa wasichana wao alibaki huko, na nasikia mpaka sasa anaigiza. Zuhura aliolewa mwaka ule ule. Mumewe si mtu mbaya, lakini hakutaka mke wa jukwaani, na Bibi, aliyeufundisha umma kwamba msichana ana mdomo, alikwenda harusini na akala pilau. Sasa ile sauti ya Zuhura inaita kuku na watoto. Ukipita kwao jioni utaisikia. Inafika mpaka barabarani, kila neno.

Nimelifikiria sana jambo hili, na ninakubali kwamba igizo lile lilikuwa tusi. Nikiwa mtu mzima nalijua hilo kuliko nilivyolijua nikiwa msichana. Angetukalisha chini akasema, jamani wanangu, hili ni tusi, mnaonaje, huenda tungemfuata sote. Huenda Zuhura mwenyewe angelikataa. Lakini ingekuwa ni yeye kalikataa.

Mwaka jana Bibi alinipigia simu. Goti lilikuwa limemshinda na alikuwa amepewa barua ya kuja hospitali Dar. Ndugu zake wapo Tandika, lakini akasema atafikia kwangu. Hakuuliza kama nina nafasi.

Nilimpokea stendi hapa Mbagala, basi lilipofika kutoka bandarini Nyamisati. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka na alikuwa anachechemea.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Mjini wanakulisha."

Hospitali walimpa dawa wakamwambia arudi baada ya muda wamtazame tena, kwa hiyo alikuwa na siku za kukaa tu. Asubuhi moja, tunakunywa chai, akasema, "Maisha yangu yote nimesimama nikitazamwa. Nataka nikae kitini na mimi nitazame. Nipeleke nikaone igizo."

Mume wangu alifurahi kuliko mtu yeyote. "Lipo lile la vichekesho, Bibi! Wanajaza ukumbi. Utacheka mpaka goti lipone."

"Mpigie simu mwenye igizo," Bibi akaniambia mimi. "Weka sauti nisikie."

Nikapiga. Kijana akapokea, mchangamfu. Bibi akasogea. "Mwanangu, humo kwenye igizo lenu yumo mwanamke?"

"Yumo mama, tena mkali."

"Anafanya nini?"

"Anapigwa na mumewe, halafu anakimbia na sufuria kichwani. Inachekesha sana, mama."

"Kata," akaniambia.

La pili lilikuwa la wanafunzi wa chuo, la mfalme na ndugu zake wanaogombea kiti. Hilo alilipenda, akauliza mfalme anakufaje, lakini lilikuwa halijaanza. La tatu lilikuwa katika ukumbi mmoja mdogo katikati ya mji, na nilipomsomea linahusu nini akaweka kikombe chini. Lilihusu binti wa kisiwani na baba yake mvuvi.

"Hilo hapana. Najua watakavyotufanya."

Na hapo ndipo hasira yangu, niliyokuwa nimeifungia miaka yote ile, ikatoka yote. "Unajuaje?" nikasema. "Hujaliona!"

Mume wangu akainuka taratibu akaenda kutazama kitu uani.

"Sina haja ya kuliona."

"Ndivyo ulivyosema na lile la mradi. Ulituchagulia. Ulisema sisi hatuendi, na hao sisi hukuwauliza. Zuhura alikuomba aulizwe, ukamfunga mdomo kwa baba yake!"

Sikuwahi kumpandishia sauti mtu aliyemzidi umri mama yangu, na nilikuwa nimemaliza kumpandishia yeye.

"Kumbe bado unayo hiyo," akasema.

"Ninayo."

"Na Zuhura naye anayo?"

"Kamuulize. Mlangoni kwake unapita kila siku."

Alimalizia chai yake, akafuta mdomo kwa pembe ya kanga. "Haya," akasema, na haikuwa haya ya kukubali, ilikuwa haya ya mtu anayekwenda kukuonyesha kosa lako. "Twende ukaone mwenyewe."

Jumamosi, baada ya kuswali alasiri, tulikwenda. Alivaa baibui lake jipya na alikaa kwenye kiti kama mtu aliyealikwa na serikali. Taa zilipozimwa akanishika mkono bila kujua, na kwa dakika hizo nilimsamehe kila kitu. Kisha yule mvuvi akaingia jukwaani. Alivuta maneno, eti ndivyo wanavyosema visiwani, akajikwaa kwenye ndoo, akaiogopa simu ya binti yake kana kwamba ni jini. Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka mpaka wakapigapiga viti.

Bibi akasimama. "Inuka twende."

"Siendi."

"Nimesema inuka."

"Mama, kaa, tunaona mgongo tu," mtu akasema nyuma.

"Bibi," nikamwambia, "ukitaka kwenda, nenda. Mimi nabaki."

Alibaki amesimama kidogo, kama anayengoja nibadilishe mawazo. Kisha akaenda, akichechemea mbele ya magoti ya watu, na mimi nikabaki na uso wa moto, nisione wala kusikia kinachoendelea jukwaani. Nilimchukia. Nilijichukia na mimi kwa kumwacha mzee mwenye goti bovu atoke peke yake. Ilichukua muda mpaka igizo likanirudisha. Mwisho wake, binti ameshaondoka kisiwani usiku bila kuaga, na yule baba aliyechekwa anabaki peke yake jukwaani na nguo za mwanawe. Anazikunja. Moja, na nyingine, na nyingine, hasemi kitu. Ukumbi ule ule uliompigia viti ulinyamaza hata ukasikia kitambaa.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye benchi la mlinzi.

"Limeishaje?" akauliza.

"Ungekaa ungejua."

Tulirudi nyumbani. Mume wangu akauliza, "Mmefurahi?" na Bibi akapita kwenda kuvua baibui.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa na nguo za watu za kumaliza. Adhuhuri ilipopita nikamwona Bibi amevaa baibui, anatafuta viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Natoka."

Nikadhani anakwenda kwa nduguze Tandika, na nikaona heri. Alirudi karibu na magharibi, bajaji ikamshusha mlangoni, akashuka kwa shida, akaja kukaa kwenye mkeka na kunyoosha mguu. Nilimpa maji. Aliyanywa yote.

"Nimekwenda kuliona," akasema.

Nilisimama na kikombe mkononi. "Lile lile?"

"Lile lile. Mpaka mwisho." Alikanda goti lake. "Bado ni baya. Wamemcheka mno yule mzee kabla ya kumwonea huruma. Huruma ya namna ile ni ya kumlipa mtu uliyempiga. Ila zile nguo..." Akatikisa kichwa. "Zile nguo amezikunja vizuri."

"Kwa hiyo jana ulikuwa sawa," nikasema, na nilisema kwa uchungu.

"Jana nilikuwa sijui. Leo ndiyo najua ni baya. Si kitu kimoja."

Nilingoja. Nilifikiri sasa atalitaja banda lile, na karatasi zile, na Zuhura. Nilimngoja kama ninavyongoja maji ya bomba. Yeye akatazama uani, akasikiliza adhana ikianza msikiti wa mbali.

"Lile la mfalme linaanza lini?" akauliza.

"Wiki ijayo."

"Na mengine yapo?"

"Yapo."

"Basi chagua wewe," akasema, akajiinua kwa shida akatawadhe.

Maneno yale nilikuwa nimeyataka tangu nikiwa msichana. Nilidhani siku nitakayoyasikia nitapoa. Badala yake niliwaka upya, nikasimama pale na kikombe kitupu, kwa sababu aliyasema kirahisi mno, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi.